Nailoni tumboni mwa ng'ombe, nta juu ya karatasi: siku nane Hanang na Mbulu

Ukitoka Babati kwa barabara ya Singida, Dareda ndipo njia zinapoachana. Moja inaendelea na lami kuelekea Endasak na Katesh, mlima Hanang ukiwa umekaa peke yake mbele yako. Nyingine inapanda ukingo wa Bonde la Ufa kwenda Dongobesh, Mbulu na Haydom. Likizo ya Juni tulizipita zote mbili, mimi na binti yangu wa darasa la nne, kwa basi, kwa Noah na mara moja kwa bodaboda.

Nilimpa kazi moja tu: aandike kwenye daftari kila tulichonunua kilifungwa kwa nini. Nia yangu, niseme ukweli, ilikuwa apumzike kuomba simu. Tulipofika Katesh ukurasa wa kwanza ulikuwa umejaa. Karanga: nailoni. Maandazi: gazeti. Mahindi ya kuchoma: ganda lake lenyewe. Sukari robo: nailoni. Biskuti: plastiki ya kiwandani. Ndizi: hazijafungwa. Mafuta ya kula ya kupima, ya mama aliyekaa mbele yetu: nailoni iliyofungwa fundo, ndani ya nailoni nyingine.

"Baba, si walisema nailoni zimekatazwa?"

Walisema. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ni marufuku Tanzania Bara. Zanzibar walitutangulia kwa miaka mingi, na Kenya walianza Agosti 2017. Kanuni zetu zinamtoza anayekutwa na mfuko huo faini ya kuanzia shilingi 30,000 hadi 200,000, au kifungo kisichozidi siku 7, au vyote viwili. Anayeuza, na zaidi anayetengeneza, adhabu yake ni nzito kuliko hiyo. Na tuwe wakweli, sheria ile ilifanya kazi. Wale "Rambo" weusi na wa bluu waliokuwa wakining'inia kwenye miiba ya migunga karibu wote wametoweka. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo yuko shule na hajui Rambo ni nini.

Kilichobaki ni ndugu zao wadogo. Kanuni ziliacha vifungashio vinavyohitajika kwa bidhaa za viwandani, dawa, kilimo na kadhalika, na katika mwanya huo kimepenya kifuko kile cheupe chepesi kisicho na vishikio. Ndicho kinachofungia karanga, ubuyu, sukari robo na mafuta ya kupima. Ni kidogo hata mtu hakioni kama ni taka. Binti alivihesabu katika stendi ya Katesh tukisubiri chai ipoe, akafika 60, akachoka.

Ng'ombe halambi akachagua

Hanang ni nchi ya ng'ombe. Wabarabaig, ambao ni sehemu ya Wadatoga, huhesabu mali kwa miguu minne, na Wairaqw wa huku nao hawako nyuma. Siku ya mnada ukisimama pembeni unaona wazee wenye fimbo na mashuka wakimgusa mnyama ubavuni kabla hawajataja bei yoyote. Mzee mmoja alimgusa ng'ombe wa jirani yake, akatikisa kichwa, akaondoka. Nilimwamkia, akaitika marahaba, nikamuuliza ameona nini.

"Huyu tumbo limejaa lakini mgongo umekwisha," alisema. "Amekula vitu vya mjini."

Alichosema mzee kinaelezeka. Ng'ombe hachagui chakula kwa midomo kama mbuzi. Hukizungushia ulimi, akakivuta na kumeza haraka, kazi ya kutafuna akaiacha hadi atakapolala kucheua. Kifuko kilichokuwa na chumvi au mabaki ya chakula kinamvutia zaidi, hasa wakati wa kiangazi anapokosa madini. Kikishaingia kwenye tumbo kubwa hakiyeyuki na hakipiti. Kinajiviringisha na vingine hadi kuwa donge. Ng'ombe anaonekana ameshiba, kumbe nafasi ya majani imekaliwa. Maziwa yanapungua, anakonda, na siku mwenye bucha anapompasua ndipo donge linaonekana.

Kwa familia ya hapa, ng'ombe mmoja ni godoro, sare, sanduku na nauli ya mtoto anayeanza bweni Januari. Kifuko cha karanga cha shilingi mia mbili kinaweza kula vyote hivyo. Ndiyo maana sikushangaa kuona nyumba niliyopata chakula cha mchana, nje kidogo ya Katesh, nailoni zote zikiwa zimetundikwa msumarini nyuma ya mlango wa jiko. Mama mwenye nyumba hazitupi shimoni kwa sababu mbwa huzifukua, na hazichomi kwa sababu ya moshi. Zinakaa pale. "Zinasubiri," alisema akicheka, ila hakusema zinasubiri nini.

Viriba

Huwezi kukaa Katesh bila kutazama mlima. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Hanang ilinyonya maji ikameguka, na tope, mawe na magogo vikashuka alfajiri juu ya Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa. Kovu unaliona ukiwa barabarani. Binti aliuliza maswali ambayo niliyajibu kwa sauti ya chini, maana kwenye kibanda cha chai hujui aliyekaa karibu nawe alimpoteza nani.

Kupanda miti huku siyo habari ya maadhimisho tu. Vitalu vipo vingi, na kila kitalu kina viriba, yaani vile vifuko vyeusi vya nailoni vya kuoteshea miche. Sheria inaviruhusu. Tatizo lake ni la baadaye: ukipanda, unatakiwa kukichana kiriba na kukiondoa, na wengi hukiacha shambani, au hupanda mche nacho. Mizizi inazunguka ndani yake kama mtu aliyevaa kiatu kilichombana. Na ng'ombe akipita, tumeshajua.

Katika kitalu kimoja nilichokiona, kijana mhusika alikuwa akitumia magazeti kwa miche ya mboga. Alikunja gazeti liwe la tabaka tatu, akaliviringisha kwenye chupa ya soda, akakunja kitako ndani, akabandika kwa uji mzito wa unga wa ngano, kisha akavuta chupa. Kiriba tayari. Alivipanga vikabanana kwenye kreti ili visaidiane kusimama na visikauke upesi. Mche unapandwa na karatasi yake. Mizizi inatoboa, karatasi inaoza.

Nilimuuliza kwa nini hafanyi hivyo kwa miti. Akanionyesha kimoja cha wiki ya sita: kitako kilikuwa kimelegea kama mkate uliolowa chai. Nyanya, kabichi na hoho hukaa kitaluni wiki 4 hadi 6, kwa hiyo karatasi inawatosha. Mgrivea hukaa miezi, na gazeti haliwezi kumngoja. Kwa miti bado anatumia nailoni, lakini ana utaratibu wake: mche ukitoka na kiriba, kiriba kirudi. Anavihesabu kama mwenye duka anavyohesabu chupa tupu za soda.

Kama utajaribu nyumbani, jambo moja alilosisitiza: ukingo wa juu wa karatasi ufukiwe kabisa. Ukiacha ncha imechungulia juu ya udongo, inafanya kazi ya utambi. Inavuta maji kutoka kwenye mizizi na kuyatoa hewani, na mche unakauka wakati wewe unamwagilia kila siku.

Chumvi inavyoiumbua karatasi

Chini ya mlima, upande wa Gendabi, kuna ziwa Balangida, na kwenye ziwa hilo watu huvuna chumvi. Ukame ukikaza, ukingo wake huwa mweupe hadi macho yanauma. Tulinunua kidogo, tukaomba tufungiwe kwenye karatasi ya daftari. Muuzaji alitutazama kama watu wasioelewa chumvi.

Alikuwa sahihi. Chumvi hunyonya unyevu hewani, na ile ghafi ya ziwani zaidi. Kesho yake asubuhi karatasi ilikuwa imelowa na kupasuka, na mfuko wa shule wa binti ulikuwa na mchanga mweupe kila kona. Hapo ndipo unapoelewa kwa nini nailoni ilishinda duniani. Haikushinda kwa sababu watu ni wavivu. Inazuia maji, inazuia mafuta, unaona kilichomo ndani, na haina uzito. Karatasi peke yake haina hata moja kati ya hizo nne, isipokuwa uzito kidogo.

(Pembeni: chumvi ile mpe mifugo. Ya kupikia watoto iwe na madini joto. Rovu si ugonjwa wa kuurudisha nyumbani kwa kutaka kula cha asili.)

Basi swali la safari likabadilika. Siyo tena "tufunge kwa nini badala ya nailoni," bali "karatasi ifanyweje ili izuie maji."

Wenye viwanda walishalijibu zamani, na jibu lao la kwanza halikuwa plastiki. Mwaka 1908 Mswisi Jacques Brandenberger alipata njia ya kutengeneza utando unaong'aa na kuonyesha ndani kwa kutumia selulosi, malighafi ile ile ya karatasi: mti unayeyushwa kwa kemikali, unapitishwa kwenye ufa mwembamba, unagandishwa upya ukiwa utando. Akauita cellophane. Miaka mingi pipi na sigara duniani zilifungwa kwa karatasi iliyojifanya kioo. Plastiki tunayoiita nailoni, ambayo jina lake halisi ni polithini, ilizaliwa kwa bahati tu kwenye maabara ya kampuni ya ICI huko Uingereza mwaka 1933, ikaja kuwa rahisi kuliko zote. Cellophane ikasukumwa pembeni.

Kwa hiyo kugeuza karatasi kuwa utando si ndoto. Lakini si kazi ya jikoni pia. Kemikali inayotumika kuyeyusha selulosi kwa njia ile ya zamani imewadhuru wafanyakazi wengi wa viwanda hivyo. Tunachoweza sisi nyumbani si kuigeuza karatasi, bali kuivalisha.

Ngano ya Basotu

Kutoka Katesh tulikwenda Basotu. Ni uwanda mpana wa ngano, na Juni ile ilikuwa inaanza kugeuka rangi. Mashamba makubwa ya hapa yalianzishwa na Serikali kwa msaada wa Kanada kuanzia miaka ya 1970, kwenye ardhi ambayo Wabarabaig walikuwa wakichungia. Kesi na malalamiko yake yalichukua miaka, na wazee bado wanayakumbuka. Mtu akikuambia "hapa palikuwa malisho," msikilize hadi mwisho.

Nilitazama yale mashina nikafikiria karatasi. Majani makavu ya ngano yametengeneza karatasi katika nchi nyingi, na njia ya mkono haina siri: yachemshe saa kadhaa kwenye maji ya magadi au majivu hadi yalegee, suuza, twanga kwenye kinu, changanya na maji mengi, chota kwa fremu iliyowambwa chandarua, anika. Inatoka karatasi ngumu ya rangi ya kaki. Lakini sikumkuta anayefanya hivyo Basotu, na sababu niliiona kwa macho: baada ya mavuno, ng'ombe huingia shambani kula masalia hayo hayo. Huwezi kuwanyang'anya malisho mara ya pili ili ufungie karanga.

Karatasi ya kutumia, nadhani, ni ile ambayo tayari imeshatumika. Kuna utafiti wa Idara ya Mazingira ya Uingereza wa mwaka 2011 unaofaa kutajwa hapa. Walihesabu kuwa mfuko wa karatasi lazima utumike angalau mara 3 ndipo ulingane na mfuko mmoja mwepesi wa plastiki kwa upande wa hewa chafu inayopasha dunia joto. Ule mfuko mbadala tunaonunua sokoni, mara 11. Wa pamba, mara 131. Hesabu hizo hazikupima ng'ombe, lakini zinatuambia kwamba mti ukatwe kwa ajili ya daftari kwanza, ufungaji uje baadaye.

Pasi ya mkaa ya Haydom

Haydom iko Mbulu, mji uliokua kando ya hospitali ya Kilutheri iliyoanzishwa na Wanorwe mwaka 1955. Pale anaishi dada yangu, shangazi wa binti, mtu asiyekubali jambo hadi alifanye kwa mkono wake. Tulipomweleza habari ya chumvi alisema neno moja: "Nta."

Nta ya nyuki haipo mbali huku. Bonde la Yaeda Chini, magharibi ya Mbulu, ni nchi ya Wahadzabe, ambao asali kwao ni chakula na si kiungo cha chai, na wafugaji nyuki wapo vijiji vingi. Alinunua donge la ukubwa wa ngumi, la manjano, bado lina harufu ya moshi. Jioni hiyo tulikaa sakafuni na pasi ya mkaa.

Hivi ndivyo tulivyofanya, na nitaeleza polepole kwa sababu watoto watataka kujaribu.

Chukua karatasi ya kaki safi au karatasi nyeupe ambayo haijaandikwa. Usitumie mfuko wa saruji hata ukiupangusa namna gani. Wala usitumie gazeti kwa chakula. Ndiyo, nasema hivi ndani ya gazeti. Wino wa kuchapia haukutengenezwa kuliwa, na maandazi ya moto yenye mafuta huuvuta vizuri sana. India mamlaka yao ya usalama wa chakula iliwaonya wananchi juu ya jambo hili mwaka 2016, ikarudia tena mwaka 2023. Gazeti libaki la viriba, na la kusoma.

Paruza nta kwa kisu hadi upate kama kijiko kimoja cha chakula kwa karatasi yenye ukubwa wa ukurasa wa daftari kubwa. Isambaze. Weka karatasi nyingine juu na moja chini, kisha pitisha pasi ya joto dogo. Nta huyeyuka ikifika nyuzi joto 62 hadi 64 hivi, kwa hiyo huhitaji pasi ya kuunguza suruali. Utaona karatasi inabadilika rangi, inakuwa nyeusinyeusi na kupenyeza mwanga, kama iliyoangukiwa na mafuta. Palipobaki pakavu ongeza nta. Ivue ikiwa bado ya moto, ishike kwa ncha mbili hewani, hesabu hadi 30. Imeganda.

Onyo moja ambalo sitalipunguza: usiyeyushe nta kwenye sufuria iliyokaa moja kwa moja juu ya moto. Ikizidi joto inawaka kama mafuta ya taa. Kama hamna pasi, weka nta kwenye kopo, kopo ndani ya sufuria ya maji, kisha paka kwa brashi. Mtoto akae upande wa kuparuza, siyo upande wa moto.

Binti alimwagia maji karatasi ya kwanza. Maji yalikusanyika yakawa shanga, yakateleza. Alipiga kelele jirani akaja kuuliza kuna nini.

Shangazi akafunga ile chumvi ya Gendabi, akaikunja pembe nne na kuibana kwa kiganja. Joto la mkono linalainisha nta kidogo, mkunjo unashika. Siku tatu baadaye ilikuwa kavu. Mkate uliofungwa hivyo haukukauka upesi. Jibini hatukuwa nayo, lakini nusu ya parachichi ilikaa vizuri hadi asubuhi.

Kisha tukajaribu maandazi ya moto, na hapo mambo yaliharibika kama ilivyotarajiwa: nta ililainika, ikabandika kwenye maandazi, na harufu ya mzinga ikaingia kwenye chai. Nyama mbichi sikuruhusu kabisa, kwa kuwa karatasi hii haioshwi kwa maji ya moto. Unaipangusa kwa maji baridi, basi.

Kwa maandazi kuna njia nyingine, na ni ya viazi. Mbulu viazi mviringo si vya kutafuta. Vikune, vioshe ndani ya maji, kamua, acha maji yale yatulie. Chini utakuta unga mweupe unaoteleza, ndiyo wanga. Kijiko kimoja cha chakula cha wanga huo, vijiko 4 vya maji, kijiko kimoja cha chai cha siki na kimoja cha chai cha glisarini, hiyo hiyo ya duka la dawa tunayowapaka watoto wakati wa baridi. Koroga motoni hadi uji uwe mzito na uanze kung'aa. Ukiumwaga juu ya bati laini ukautandaza mwembamba, baada ya siku moja au mbili unaubandua ukiwa utando halisi, unaopinda na kuonyesha ndani. Ukiupaka juu ya karatasi, karatasi inakuwa imara na mafuta hayapenyi kirahisi.

Ila maji yanaushinda. Tone moja la chai na utando unarudi kuwa uji. Kwa hiyo sasa nyumbani kwa dada yangu kuna karatasi za aina mbili rafuni: za nta kwa vitu vibaridi na vyenye unyevu, za wanga kwa vikavu na vyenye mafuta. Ameziandika kwa kalamu nyekundu, maana shemeji alishazichanganya tayari.

Nailoni moja inafanya kazi ya karatasi zote mbili, kwa bei ndogo zaidi, bila pasi. Sitadanganya kwamba mama wa karanga pale Katesh atakesha akiparuza nta. Nta ina bei, na faida yake ni ya senti. Karatasi ya nta ni ya ndani ya nyumba, inayotumika mara nyingi: mkate, mboga iliyokatwa, chakula cha shule kilichopoa. Karanga zenyewe hazihitaji nta wala wanga. Zilikuwa zikifungwa kwenye karatasi iliyosokotwa tangu sisi tukiwa wadogo, na hazikumdhuru mtu.

Vitunguu saumu vya Bashay

Mbulu mjini Juni ni baridi ya kuvaa masweta mawili. Ukungu unakaa juu ya vilima hadi saa nne asubuhi. Huku ndiko vinakotoka vitunguu saumu, hasa kata ya Bashay, na sokoni vimerundikwa kama kokoto, vingine tayari vimo kwenye nyavu nyekundu za plastiki tayari kwa safari ya mbali.

Kitunguu saumu ni mteja anayependa karatasi jinsi ilivyo. Kinataka hewa. Ukikifunga kwenye nailoni kinatoka jasho, kinaota ukungu, kisha kinachipua. Mama aliyetuuzia alichana ukurasa wa daftari la zamani, akausokota, akajaza, akakunja juu. Binti hakuandika chochote mara hiyo. Alikuwa anasoma ule ukurasa: hesabu za kugawanya za mtoto fulani wa darasa la tatu, nne kati ya kumi, na maandishi mekundu ya mwalimu, "Jitahidi."

"Alikosea ya pili," alisema. "Alisahau kuhifadhi moja."

Mwisho wa mwaka kila nyumba ya mzazi ina rundo la madaftari kama yale. Mama yule huyanunua kwa uzito kutoka kwa watoto wa mtaani kwake. Kalamu ya wino si chakula pia, kwa hiyo kwa vitu visivyomenywa mimi ningeomba upande usioandikwa. Kwa kitunguu chenye ganda, hakuna shida.

Kabla hatujaondoka Haydom, shangazi alikuwa amefukia vitu vitatu kwenye samadi nyuma ya banda: kipande cha gazeti, karatasi ya nta iliyochanika, na kifuko cha karanga tulichotoka nacho Babati. Aliweka kijiti kwa kila kimoja. Wiki sita baadaye alituma picha kwa simu. Kwenye kijiti cha kwanza hakupata kitu, ila nyungunyungu. Kwenye cha pili kulikuwa na kipande chenye matundu, kilichovunjika alipokishika. Kifuko alikisuuza bombani, na kwenye picha bado yanasomeka mabaki ya maandishi ya kalamu, bei ya karanga, shilingi 200.

Amekitundika msumarini.